Mali ya Kale Haipimwi kwa Kilo

Barabara itokayo Dar es Salaam, ikakwea Kitonga, ikazipita Iringa na Mbeya, kisha Senjele, Mlowo na Vwawa hadi kuishia mpakani Tunduma, haikujengwa kwa ajili ya vyombo vya kuvunjika. Ilijengwa kwa ajili ya shaba na mafuta. Walowezi wa Rhodesia Kusini walipojitangazia uhuru wao wa bandia tarehe 11 Novemba 1965, ndugu zetu wa Zambia walijikuta wamefungiwa mlango wa kusini, na Tanzania ikawafungulia mlango wa mashariki. Malori yakapita katika vumbi na matope kabla ya lami. Bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968. Na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili mwezi Julai 1976. Hiyo ndiyo heshima ya Tunduma, na hatuna sababu ya kuionea haya.

Lakini desturi za njia hufuata mizigo iliyoizoea. Shaba hata ikianguka hubaki kuwa shaba, na mafuta yakipungua hupimwa kwa lita na kulipwa. Wapakizi, madereva, mawakala na watumishi wa forodha katika njia hii wamefundishwa na kazi yao kuhesabu tani. Basi katikati ya tani hizo hupita wakati mwingine mzigo wa namna nyingine kabisa: sanduku la njumu lililorithiwa tangu kwa bibi, kiti cha enzi, ubao wa mlango wa nakshi, sahani za kale za Kichina zilizokuwa zikining'inizwa ukutani, au vinyago vya zamani vitokavyo Kongo kuelekea bandarini. Vitu hivi vikifika vimevunjika, ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye mali hudai bei ya urithi. Mchukuzi hutaka kulipa bei ya mbao. Mmoja anahesabu miaka na mwingine anahesabu kilo.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kwa urefu, kwa manufaa ya wasomaji wetu wa visiwani, ambao ndio wenye hazina kubwa ya vitu hivi, na kwa manufaa ya watumishi wa Serikali, ambao mikononi mwao mizigo hiyo hufunguliwa na kufungwa.

Kwanza yafaa ieleweke mali ya kale ni nini. Si kila kikuukuu ni cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavihesabu kuwa masalio ya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Tena imeitaja kwa jina milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Vitu vya namna hiyo haviuzwi wala kupelekwa nje ya nchi bila ya kibali. Vitu vya mila navyo vimelindwa, ila si vile vilivyochongwa kwa ajili ya kuwauzia watalii. Hiyo ni sheria ya Bara. Mambo ya kale si jambo la Muungano, na Zanzibar inazo sheria zake na idara yake, ambazo mizizi yake ni amri ya kuhifadhi majengo ya kale ya mwaka 1927. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe wenyewe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na milango ni sehemu ya sifa iliyoufikisha huko.

Kwa hiyo mtu aliyeng'oa mlango usiku, akaufunika turubai na kuuandika katika karatasi kuwa ni "samani zilizotumika", asitazamie msaada wa mtu ukimvunjikia Makambako au Mpika. Atadai wapi? Akienda kwa mchukuzi ataonyeshwa karatasi yake mwenyewe. Akienda mahakamani atakuwa amejipeleka kushitakiwa. Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, na Zambia ikafuata mwaka 1985. Nchi zote mbili za mpaka wa Tunduma zimefungwa na ahadi moja. Mwizi wa urithi hana fidia, na sisi hatumwandikii yeye makala haya. Tunamwandikia mwenye mali ya halali, mwenye kibali mkononi, ambaye hata hivyo hupoteza haki yake kwa kutojua.

Tuchukue mfano. Familia moja ya Unguja inampelekea ndugu yao aliyehamia Lusaka sanduku la njumu, pengine la uzito wa kilo 40. Sanduku linatoka nyumbani kwa rikwama, linaingia chomboni Malindi, linashushwa Dar es Salaam, linakaa ghalani, linapandishwa lori pamoja na mizigo ya watu wengine. Linasafiri zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma. Hapo linasubiri foleni. Linashushwa kwa ukaguzi, linapandishwa tena, pengine katika lori jingine, na linabakiwa na karibu kilomita 1,000 nyingine hadi Lusaka. Likifunguliwa kule, kifuniko kimepasuka, njumu zimechomoka na mguu mmoja haupo. Nani alaumiwe? Nahodha atasema lilitoka chomboni zima. Mwenye ghala atasema hakulifungua. Dereva atasema lilifunguliwa mpakani. Mtumishi wa mpakani atasema alilikuta hivyo. Mikono ni saba au minane, na kila mkono umejikunja. Pasipokuwa na karatasi iliyotiwa saini katika kila makabidhiano, hakuna hakimu duniani atakayejua mguu ule ulivunjikia wapi.

Ama kuhusu sheria za uchukuzi, wengi wetu tunadhani kwamba aliyeharibu hulipa thamani kamili ya alichoharibu. Sivyo. Mizigo ya kimataifa ina viwango vya juu vya fidia, na viwango hivyo vimewekwa kwa kilo au kwa kifurushi. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978 juu ya mizigo ya baharini, ambazo Tanzania ilijiunga nazo mwaka 1979 na ambazo zilianza kutumika mwaka 1992, zinaweka kikomo cha SDR 835 kwa kifurushi kimoja, au SDR 2.5 kwa kilo, kile kilicho kikubwa zaidi. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kimoja kimekuwa na thamani ya dola za Marekani 1.3 hadi 1.4 hivi katika miaka ya karibuni. Sanduku letu la kilo 40 likielekea Muscat au London kwa meli chini ya kanuni hizo, hesabu ya kilo inatoa SDR 100 tu, basi linachukua kikomo cha kifurushi, yaani dola 1,100 hivi. Likienda kwa ndege chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao kikomo chake kilipandishwa mwishoni mwa 2024 kuwa SDR 26 kwa kilo, litapata SDR 1,040. Na hapo sanduku lililohifadhiwa kwa miaka 150 na sanduku lililopigiliwa misumari juzi kiwandani ni sawasawa mbele ya mizani.

Kwa barabara mambo ni magumu zaidi. Nchi za Ulaya zinao mkataba wa CMR, ulioandikwa Geneva mwaka 1956, unaosema waziwazi mchukuzi wa lori anayevuka mpaka anawajibika vipi na kwa kiasi gani. Tanzania na Zambia hazimo katika mkataba huo. Mtu anayevusha mali yake Tunduma kwa lori anategemea mkataba alioandikiana na mchukuzi, pamoja na sheria za nchi mbili. Kama hawakuandikiana kitu, amejitegemeza kwenye hewa.

Hata hivyo kanuni zote tulizozitaja zimeacha mlango mmoja wazi, nao ni mlango wa ukweli. Mwenye mali anaweza kutangaza thamani halisi tangu mwanzo na kukubaliana na mchukuzi juu ya kikomo kikubwa zaidi, akalipa nauli ya ziada. Kadhalika anaweza kuorodhesha vifurushi kimoja kimoja. Kontena likiandikwa "vyombo vya nyumbani, shehena moja", sahani 60 zikisagika zinaweza kuhesabiwa kuwa kifurushi kimoja. Zikiandikwa katika hati ya shehena kuwa masanduku sita, kila sanduku linahesabiwa peke yake. Mstari mmoja wa wino unaweza kuzidisha fidia mara sita.

Hapa ndipo tunapolazimika kusema neno lisilopendeza. Wako wenye mali walio na bei mbili. Wakifika forodhani sanduku ni kikuukuu kisicho na thamani, ili kodi iwe ndogo. Likivunjika linageuka kuwa tunu ya kifalme isiyo na mfano, ili fidia iwe kubwa. Thamani iliyoandikwa siku ya kwanza ndiyo itakayosomwa siku ya mwisho, na anayelipunja Taifa kwenye kodi ndiye anayejipunja mwenyewe kwenye dai.

Aidha mchukuzi anazo kinga ambazo si za hila. Ya kwanza ni ufungaji mbaya. Aliyeviringisha kioo cha kale katika kanga mbili na kukitia katika boksi la sabuni hawezi kumlaumu dereva kwa mashimo ya barabara. Ya pili ni tabia ya kitu chenyewe. Mbao za visiwani, ziwe za msaji, za mvule au za mfenesi, zimeishi miaka mingi katika hewa yenye unyevu wa bahari. Zikipandishwa ghafla katika nyanda za juu za Songwe wakati wa kiangazi, zikakaa juu ya lori juani, hukauka na kujikunja, na viungo huachia vyenyewe. Ufa wa ukavu hufuata uzi wa mbao na kingo zake ni safi; pigo hukata uzi na kuacha vibanzi na alama ya kilichopiga. Fundi seremala hodari huutambua upesi. Dai zuri ni lile lililoandamana na maneno ya fundi kama huyo, yaliyoandikwa kabla ya kitu kuguswa wala kutengenezwa.

Kinga ya tatu ni muda, na hii ndiyo iliyowaangusha wengi. Chini ya Kanuni za Hamburg, dhara linaloonekana sharti litolewe taarifa kwa maandishi isipite siku ya kazi inayofuata baada ya kupokea mzigo. Lisiloonekana, ndani ya siku 15. Kwa ndege, taarifa ya uharibifu sharti ifike ndani ya siku 14. Kesi yenyewe ina miaka miwili. Anayeacha boksi uvunguni mpaka Idi ndipo alifungue, atakuta kifaa kimevunjika na haki imekwisha. Na anayetia saini hati ya kupokelea mzigo kwamba "umefika katika hali njema" kabla ya kuufungua, amemwandikia mchukuzi cheti cha kumtakasa. Lazima aandike palepale: "Boksi limebonyea upande mmoja, limepokewa kabla ya kukaguliwa ndani." Ni maneno machache, lakini yana uzito kuliko wakili.

Bima nayo si kinga ya kila kitu. Mikataba mingi ya bima ya mizigo haimlipi mtu kwa ufungaji hafifu wala kwa tabia ya asili ya kitu. Mingine hulipa gharama ya fundi tu, hali kila mjuzi anafahamu kwamba kiti cha enzi kilichounganishwa kwa gundi hakirudii thamani ya kiti kizima. Asiyesoma masharti haya kabla ya kulipa atayasoma akiwa amechelewa.

Katika madrasa zetu tulifundishwa kwamba aya ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikishana madeni na kuweka mashahidi. Wazee walioyashika mafundisho hayo walifanya biashara kutoka Kilwa mpaka Bara Hindi. Ajabu ni kwamba wajukuu wao wanakabidhi urithi wa vizazi vitatu kwa utingo wasiyemjua jina, bila ya hata stakabadhi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayostahili daftari kuliko ile isiyoweza kutengenezwa tena.

Wala tusiambiwe kwamba kufunga na kuchukua vitu vya kale kwa uangalifu ni elimu ya wageni. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika vilima vya Tendaguru karibu na Lindi, wafanyakazi wa nchi hii wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kwa niaba ya jumba la makumbusho la Berlin. Mifupa ile, dhaifu kama chaki mahali pengine, ilifungwa vizuri na kubebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilifika Ujerumani, na mjusi mmoja amesimamishwa pale kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Dhuluma ya ukoloni katika jambo lile ni mjadala mwingine, tena mkubwa. Tunalosema hapa ni kwamba mikono ya Watanzania iliweza kufikisha salama kitu cha mamilioni ya miaka. Mikono hiyohiyo haiwezi kushindwa na sanduku la bibi.

Kumbukumbu nzuri huwasaidia hata walioibiwa. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Baada ya majadiliano marefu kilirudishwa nchini mwaka 2010. Kama kingekuwa kitu kisichojulikana asili wala sura yake, nani angethubutu kukidai Ulaya baada ya miaka 26? Anayepiga picha mali yake pande zote, akapima na kuandika kila ufa wa zamani kabla ya safari, anajikinga na mvunjaji na mwizi kwa gharama moja.

Sasa tunawageukia watumishi wa Serikali. Kituo cha pamoja cha mpaka wa Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kimewaweka watumishi wa nchi mbili chini ya paa moja. Hiyo ni nafasi njema ya kumaliza ugomvi kabla haujazaliwa. Hatuombi mizigo ya kale isikaguliwe. La hasha! Magendo hupenda kujificha ndani ya vitu vya heshima, na viti vilivyotiwa pembe za ndovu vinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu mwaka 1990. Tunachoomba ni utaratibu. Kwanza, kifurushi kilichoandikwa kuwa ni mali ya kale kifunguliwe mbele ya mwenyewe au wakala wake. Pili, iandikwe hati fupi ya hali ya kitu kabla na baada ya kufunguliwa, itiwe saini, na lakiri mpya ipigwe kwa namba. Tatu, watumishi wa mpakani wawe na mifano ya vibali vya Bara na vya Zanzibar, ili mwananchi wa Pemba mwenye kibali halali asionekane mlanguzi kwa sababu tu karatasi yake ina nembo isiyozoeleka. Nne, mizigo hiyo itengwe mahali pa kivuli, isirundikwe pamoja na vyuma.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linahitaji kutambua kwamba mtumishi akishika nyundo na mtaimbo mbele ya sanduku la kale, ameshika kumbukumbu ya Taifa.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, wenyewe una fundisho hilo. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala Kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, na zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi mgeni kukiandika mwaka 1930. Mwaka huohuo kipande kidogo kilikatwa kwa msumeno na kuchukuliwa, na alama ya msumeno imebaki mpaka leo. Kimondo kile kingepimwa kwa kilo na kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, fedha zake zisingetosha kununua lori moja jipya. Hakuna Mtanzania mwenye akili atakayekubali bei hiyo. Kwa nini basi tukubali kwamba mlango wa Mji Mkongwe au sanduku la Pemba ukomo wake ni mizani?

Na mwisho tuwaulize ndugu zetu wa visiwani swali wanaloweza kulijibu wao tu. Je, kila kitu cha kale ni lazima kisafiri? Fidia, hata ikilipwa yote, hununua kitu kingine, hairudishi kile. Aliye na haja ya kweli na asafirishe, kwa kibali, kwa thamani ya kweli, kwa ufungaji imara na kwa maandishi kamili. Asiye na haja na akiache kilipo, wajukuu wakikute. Maji yakimwagika hayazoleki, na nakshi iliyosagika njiani haina Chama, Serikali wala mahakama iwezayo kuichonga tena kwa mkono wa fundi aliyekwisha kufa.